Nimemaliza kozi ya lazima ya pombe baada ya kosa la kuendesha nikiwa nimelewa (California): yaliyonikuta, na karibuni kwa maswali

Mgosi wa Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuchelewesha kwa miezi mingi kwa sababu ya aibu. Ninauandika sasa kwa kuwa wiki iliyopita kijana mmoja wa kwetu alinipigia simu alfajiri, akaniuliza maswali yaleyale niliyokuwa nikijiuliza mimi mwaka juzi, nikaona kwamba kila mmoja wetu hulijifunza jambo hili peke yake na kwa kuumia, maana hakuna anayependa ijulikane kwamba amepita huko.

Ilikuwa Jumamosi, sherehe ya ubarikio wa mtoto wa rafiki yangu, katika kaunti moja ya kusini mwa California. Nyama ilichomwa, na mwenyeji alikuwa ametoka likizo nyumbani akiwa na Konyagi kwenye begi. Karibu saa sita usiku nilisimamishwa barabarani kwa sababu nilikuwa nimesahau kuwasha taa. Askari aliponiuliza nimekunywa kiasi gani, nilimjibu kwamba nimekunywa mbili tu, na naomba mniamini kwamba sikuwa ninamdanganya; nilikuwa ninayaamini maneno yangu. Kipimo kilitoa 0.11, yaani asilimia ya kilevi kwenye damu, wakati kikomo cha jimbo hili tangu mwaka 1990 ni 0.08.

Kosa langu la pili, ambalo ndilo lililonigharimu zaidi, nililifanya nikiwa sina hata tone la pombe mwilini. Askari alichukua leseni yangu akanikabidhi karatasi inayotumika kama leseni ya muda kwa siku 30, nami nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikijiambia kwamba nitasubiri tarehe ya mahakama. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa waziwazi kwamba ninazo siku 10 tu za kuomba shauri la leseni lisikilizwe na DMV, yaani idara ya magari ya jimbo. Sikuisoma. Huku mashauri ni mawili yanayokwenda sambamba: mahakama inashughulikia kosa la jinai, na DMV inashughulikia leseni, na moja halimsubiri mwenzake. Siku 10 zikapita, na siku 30 zilipotimia leseni yangu ikasimamishwa kwa miezi minne kabla sijamwona hakimu hata mara moja. Sisemi kwamba ningeshinda shauri lile, lakini angalau ningelisikia.

Kozi ndiyo inayounganisha mashauri hayo mawili, na kwa sababu hiyo nashauri mtu ajiandikishe mapema badala ya kusubiri kusukumwa. Hakimu huiamuru kama sehemu ya adhabu, pamoja na faini na uangalizi wa mahakama wa miaka mitatu hadi mitano. DMV nayo haikurudishii leseni yako kamili mpaka ipate cheti cha kumaliza. Faini ya msingi kisheria huanzia dola 390, jambo ambalo linaweza kukufariji kwa dakika chache, mpaka utakapoona tozo zinazoongezwa juu yake na kuifanya izidi mara kadhaa. Bado hujalipa wakili, hujalipa ada ya kozi, wala hujaenda kwa kampuni ya bima kuomba ile hati ya SR-22 ambayo DMV inaidai kama uthibitisho kwamba umekatiwa bima, na ambayo utaibeba kwa miaka mitatu huku ukilipia bima kwa bei nyingine kabisa.

Urefu wa kozi hutegemea kosa. Mwenye kosa la kwanza na kipimo kilicho chini ya 0.20 hupewa kozi ya miezi 3 yenye saa 30. Aliyefikia 0.20, au aliyekataa kupimwa, hupelekwa kwenye kozi ya miezi 9 yenye saa 60. Anayerudia ndani ya miaka 10 hukaa darasani miezi 18. Wale ambao mashtaka yao yamepunguzwa na kuwa uendeshaji wa kizembe unaohusisha pombe huweza kupewa saa 12 peke yake. Chuo chenyewe lazima kiwe na leseni ya idara ya afya ya jimbo. Nalisisitiza hili kwa sababu rafiki yangu alilipia kozi aliyoiona kwenye intaneti, akaimaliza kwa siku mbili akiwa kitandani, akapata cheti kizuri chenye mhuri wa dhahabu, na cheti hicho hakikumsaidia chochote. Akaanza upya.

Nilijiandikisha, chuo kikapeleka DMV taarifa ya kwamba nimeanza, nikapeleka ile hati ya bima, nikalipa ada, na baada ya siku 30 za kutoendesha kabisa nikaruhusiwa kuendesha kwenda kazini na kwenda darasani tu. Katika siku hizo 30 nilipanda mabasi mawili kwenda kazini na mawili kurudi.

Sasa nieleze darasa. Nilikwenda jioni ya Alhamisi nikiwa nimejiandaa kudharau. Nilitarajia kuwakuta walevi, nikamkuta mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa mapaa, bibi mmoja mwenye wajukuu sita, na kijana aliyekuwa amevaa sare ya mgahawa kwa sababu alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Saa nyingine ni za masomo, na saa nyingine ni za kukaa kwenye duara na kuzungumza mbele ya mnasihi. Kwenye duara sisi watu wa kwetu tunapata shida, kwa kuwa tumelelewa kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi uani. Wiki tatu za kwanza nilijibu kila swali kwa sentensi moja.

Kilichonifungua si mahubiri. Siku moja mnasihi alileta glasi tupu za plastiki na jagi la maji yaliyotiwa rangi, akamwomba kila mmoja amimine kile anachokiita kinywaji kimoja, kisha akapita na kikombe cha kupimia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemimina kimoja. Kwa hesabu ya Marekani kinywaji kimoja ni gramu 14 za kilevi halisi, yaani bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au mvinyo wa mililita 148 wenye asilimia 12, au pombe kali ya mililita 44 yenye asilimia 40. Yule bibi, ambaye kila siku alisisitiza kwamba yeye hunywa glasi moja tu ya mvinyo wakati wa chakula, alikuwa amemimina karibu glasi mbili na nusu. Alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akanyamaza kwa muda mrefu.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikachukua karatasi na kalamu. Zile bia zangu mbili zilikuwa makopo makubwa ya mililita 473, za aina ile chungu inayopendwa sana huku, zenye asilimia 7 ya kilevi. Kopo moja la namna hiyo lina takriban gramu 26, yaani karibu vinywaji viwili. Juu yake nilikuwa nimeonja Konyagi toti mbili za kukaribisha, ambazo sikuwa nimezihesabu hata kidogo, kwa sababu kwetu toti ya kukaribisha hainywewi, inapokelewa. Konyagi ina asilimia 35. Toti zile mbili, jumla kama mililita 100, zina gramu 27 na ushee. Jumla yangu ilikaribia gramu 80, vinywaji vitano na robo tatu hivi. Mtu wa kilo 80, kama mimi, akinywa kiasi hicho, saa mbili na nusu baadaye hesabu inampa kitu kama 0.11. Mashine ya yule askari haikukosea. Neno langu la mbili tu ndilo lililokuwa halina kipimo.

Nilifanya hesabu ya pili, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Mwili huondoa kilevi kwa takriban 0.015 kila saa, na hauharakishwi na kahawa, supu ya makongoro, wala kuoga maji baridi. Kutoka 0.11 mpaka sifuri ni zaidi ya saa saba. Kama nisingesimamishwa, ningelala, ningeamka saa kumi na mbili asubuhi kuwapeleka watoto kwenye ibada, nami ningekuwa bado nina pombe kwenye damu huku nikijiona mzima kabisa. Nimeshawahi kufanya hivyo mara ngapi? Sijui, na sikuwahi kujiuliza.

Hakimu aliniamuru pia kuhudhuria kikao kimoja cha waathirika, ambako watu waliopoteza ndugu zao husimama na kuzungumza, nanyi mnasikiliza bila kuuliza chochote. Vikao hivi vinahusishwa sana na MADD, chama cha akina mama wanaopinga kuendesha gari kwa ulevi, ambacho kilizaliwa hukuhuku California mwaka 1980, baada ya binti wa miaka 13 kugongwa na kuuawa huko Fair Oaks na dereva aliyekuwa na makosa ya awali ya namna hiyohiyo. Mama yake, Candy Lightner, ndiye aliyekianzisha. Aliyezungumza siku yetu alikuwa baba mmoja. Alileta kiatu kimoja. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Maswali karibuni, na mniwie radhi kwa urefu.

Tairi Kumi na Nane

Mgosi, umeandika vizuri, ila umewasahau ndugu zako wa malori, na huku ughaibuni sisi ni wengi. Sisi wenye leseni ya magari ya biashara kikomo chetu tukiwa kwenye lori ni 0.04, nusu ya chenu. Wengi hawajui kwamba hata ukikamatwa siku ya mapumziko, ukiwa kwenye gari lako dogo la kwenda sokoni, hukumu ya DUI, yaani ya kuendesha ukiwa umelewa, inakufungia leseni ya lori kwa mwaka mzima, na kama ulikuwa umebeba mizigo ya hatari ni miaka mitatu. Ukirudia, inafungwa maisha. Kozi ya miezi mitatu inakurudisha kwenye gari dogo, lakini haifupishi mwaka wa lori hata kwa siku moja. Nina rafiki aliyekuwa na lori la mkopo. Aliimaliza kozi yake kwa wakati, akapata vyeti vyote, na lori likaondoka kwa sababu marejesho hayasubiri mwaka.

Bi Mchicha

Kaka Mgosi, pole kwa yaliyokupata na ahsante kwa kutoficha. Mdogo wangu yupo huko kwa viza ya masomo na amepata jambo kama lako mwezi uliopita. Yeye anasema kwamba maadamu ameshajiandikisha kwenye kozi na hakumgonga mtu, suala limekwisha. Mama anaogopa atarudishwa nyumbani. Nani yuko sahihi kati yao?

Mgosi wa Ughaibuni (mleta uzi)

Bi Mchicha, mimi nina ukaazi wa kudumu, kwa hiyo njia yangu haikuwa sawa na yake. Nimemwomba Mkalimani aje, maana yeye hushinda mahakamani na anayajua mambo haya kuliko mimi.

Mkalimani

Nimeitika. Nitangulize kwamba mimi ni mfasiri na si wakili, na kwamba mdogo wako anamhitaji wakili wa uhamiaji, ambaye si lazima awe yuleyule wa kesi ya jinai. Kwa jumla, wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2004, katika shauri la Leocal, kwamba kosa la DUI lililotokana na uzembe halihesabiwi kuwa kosa la kutumia nguvu kwa maana ya sheria ya uhamiaji, na kwa sababu hiyo kosa moja la kawaida, peke yake, kwa kawaida halimfukuzishi mtu. Mama apumue kidogo.

Mdogo wako naye asitulie mno. Wizara ya mambo ya nje inaweza kuifuta viza iliyobandikwa kwenye pasipoti kwa sababu ya kukamatwa tu, hata kabla ya hukumu. Anaweza kuendelea kusoma akiwa ndani ya nchi, lakini siku atakapotoka kuja kuwasalimu, hataweza kurudi bila kuomba viza upya, na hapo atapelekwa kwanza kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi ili achunguzwe kama ana tatizo la pombe. Katika hatua hiyo cheti cha kozi na barua ya mnasihi vina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo avitunze. Kwa wanaosubiri uraia, uamuzi wa mwaka 2019 unasema kwamba hukumu mbili za DUI ndani ya kipindi kinachoangaliwa zinamfanya mwombaji achukuliwe kuwa hana mwenendo mwema, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Tangu shauri la Padilla la mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia athari za kukiri kosa. Mdogo wako aulize hilo kabla ya kukiri, na aulize kwa maandishi.

Kijana wa Umoja

Hapa Nairobi sisi tunaijua alcoblow, kile kipima pombe cha kupuliza cha polisi, tangu mwaka 2013, na mnakumbuka kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizibatilisha kanuni zake, watu wakasherehekea kana kwamba pombe nayo imebatilishwa. Hata hivyo nina pingamizi kidogo. Ninavyosoma maelezo ya Mgosi, naona mtu analipia faini, analipia bima, analipia kozi, analipia leseni. Je, hii si biashara iliyovalishwa joho la elimu? Maskini asiye na ada anafanya nini?

Mgosi wa Ughaibuni (mleta uzi)

Kijana wa Umoja, pingamizi lako lina haki, na darasani lilizungumzwa kwa hasira. Sheria ya jimbo inavilazimisha vyuo kuwapunguzia ada wasio na uwezo, lakini punguzo halitangazwi kwa sauti. Lazima uliombe, na upeleke uthibitisho wa kipato. Yule kijana wa mgahawa alilipa bei kamili kwa wiki nne kabla ya fundi wa mapaa kumnong'oneza. Kwa hiyo ndiyo, kuna fedha zinazokwenda mahali. Hata hivyo, tukilinganisha, ningekuwa nimelipa faini peke yake na kwenda zangu, leo ningekuwa bado ninawaambia watu kwamba nilikunywa mbili tu na nikaonewa.

Hamira na Maji

Mimi nilichagua kifaa cha kupulizia kinachofungwa kwenye gari, ambacho tangu tarehe 1 Januari 2019 kinapatikana California nzima, kwa kuwa kazi yangu ni ya kuwatembelea wagonjwa majumbani na nisingeweza kubanwa kwenye njia moja ya kwenda na kurudi. Gari haliwaki mpaka upulize, na ukiwa njiani linakudai upulize tena. Asubuhi moja nilikula andazi la moto la hamira, nikaingia kwenye gari nikiwa bado natafuna, nikapuliza, kifaa kikanikatalia. Nilidhani nimerogwa. Fundi akanieleza kwamba mikate yenye hamira, pamoja na dawa za kusukutua mdomo, huacha kilevi kidogo mdomoni ambacho huisha baada ya dakika chache. Tangu siku hiyo nasukutua kwa maji, nasubiri dakika kumi na tano, ndipo napuliza. Wapenzi wa chai ya asubuhi zingatieni hilo.

Niongeze kwamba ukiwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa hili, kikomo chako si 0.08 tena, bali 0.01. Nilimwona mtu akirudishwa kizimbani kwa sababu ya bia moja ya saa sita mchana.

Bi Mchicha

Nimemsomea mdogo wangu maneno ya Mkalimani kwa simu. Amepunguza ujuaji. Ameuliza kama kuna kozi kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha darasani anakiweza, lakini cha kuzungumza habari za moyoni hakiwezi.

Mgosi wa Ughaibuni (mleta uzi)

Mwambie kwamba namwelewa. Nilikokwenda mimi kulikuwa na madarasa ya Kiingereza na ya Kihispania, na la Kiswahili halikuwapo. Nilimweleza mnasihi tatizo langu, akaniruhusu niandike kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, kisha niwaeleze wenzangu kwa Kiingereza kile nilichoweza. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na sehemu kubwa ya uzi huu imetoka humo.

Jambo la mwisho kwake ni la majina. Nilimaliza kozi, chuo kikanihakikishia kwamba cheti changu kimepelekwa DMV, nami nikakaa nikisubiri kwa wiki tatu. Nilipouliza nikaambiwa hakuna cheti chochote. Karani wa chuo alikuwa ameandika jina la babu yangu kama la kwanza na langu kama la ukoo, kinyume na lilivyo kwenye leseni, kwa hiyo cheti kilikuwa kikielea bila mwenyewe. Nilirudi na pasipoti, na leseni, na risiti zote nilizokuwa nimezihifadhi kwenye bahasha ya kaki, wakanitengenezea kingine nikiwa nimesimama palepale mapokezi. Siku ya kujiandikisha mdogo wako aweke leseni yake mezani, alinganishe herufi kwa herufi, na asiondoke mpaka amelisoma jina lake mwenyewe kwenye fomu.